Varuna na Tumbo la Mfalme

Ukiandika jina la Varuna kwenye simu yako sasa hivi, utaletewa mstari mmoja: mungu wa maji wa Wahindu wa kale. Chini yake kuna picha. Mzee mwenye taji amekaa juu ya mnyama asiyeeleweka, nusu mamba nusu samaki, anayeitwa makara, na mkononi ameshika kamba yenye kitanzi. Wengi wanaishia hapo. Mungu wa maji, sawa. Wagiriki wana Poseidon, Wahaya wana Mugasha, Waganda wana Mukasa, kila penye maji mengi pana mwenyewe. Tumeelewa, tuendelee.

Mimi niliganda kwenye ile kamba. Mungu wa maji kamba ya nini? Poseidon ana mkuki wa meno matatu, na hilo linaingia akilini kwa sababu hata mvuvi anaweza kuutumia. Lakini kitanzi ni kitu cha polisi. Ni cha mtu anayekuja kukukamata.

Na kweli ndivyo ilivyo. Yule wa kwenye picha ni Varuna wa uzeeni, mstaafu aliyepewa bahari na upande wa magharibi avilinde, basi. Varuna wa ujanani yumo katika Rigveda, mkusanyiko wa tenzi 1,028 katika vitabu kumi, uliotungwa kwa mdomo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kristo huko kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, ukakaririwa silabi kwa silabi kizazi hadi kizazi kabla mtu yeyote hajauandika. Mimi nimeusoma kwa Kiingereza, kwanza katika uteuzi wa Wendy Doniger uliotolewa na Penguin mwaka 1981, baadaye vipande vipande katika tafsiri nzima ya Stephanie Jamison na Joel Brereton ya 2014, ambayo ni majuzuu matatu mazito na kwa kweli si kitabu cha kusomea kwenye daladala.

Humo Varuna ni mfalme. Anakaa juu pamoja na mwenzake Mitra, wote wawili wana wa Aditi, na kazi yao ni kulinda kitu kinachoitwa rita. Neno hili linasumbua watafsiri. Rita ndiyo inayofanya jua lichomoze pale linapopaswa kuchomoza, mito yote imwagike baharini bila bahari kujaa, na neno la mtu liwe neno. Kwetu sisi mambo haya ni ya idara tofauti, moja ya hali ya hewa na nyingine ya mahakama. Kwao ilikuwa sheria moja. Mitra alisimamia mapatano na urafiki, Varuna akasimamia kiapo. Ana wapelelezi wasiolala, anaona kila kitu, na anayevunja neno humfunga kwa kamba yake. Mtaalamu wa Kijerumani Heinrich Lüders aliandika kitabu kizima kutetea hoja kwamba Varuna kwa asili ni kiapo chenyewe, kilichopewa uso na makao ndani ya maji.

Ushahidi wa kale wa jina hili, kwa mshangao wangu, haukutoka India. Ulichimbwa Boğazköy, nchini Uturuki, palipokuwa mji mkuu wa Wahiti. Katika karne ya 14 kabla ya Kristo mfalme wa Wahiti alifunga mkataba na mfalme wa Mitanni, wakaita miungu ya pande zote mbili iwe mashahidi, na miongoni mwa ile ya Mitanni wametajwa Mitra, Varuna, Indra na wale mapacha Nasatya. Wafalme wale walimhitaji mtu wa kuwafunga yule atakayegeuka.

Hapa inabidi nimlete baba yangu, kwa sababu bila yeye nisingefika mbali katika mambo haya.

Baba alikuwa mvuvi wa dagaa upande wa Ukerewe. Usiku karabai na mtumbwi, asubuhi kuanika mchangani, jioni kugombana na matajiri wa mwaloni juu ya hela ya mafuta waliyomkopesha. Tangu utotoni miguu yake ilikuwa majini zaidi ya nchi kavu. Alipofika umri wa miaka sitini hivi, tumbo lake likaanza kukua. Mwanzoni tulimtania kwamba sasa amekuwa mheshimiwa. Halafu tukaona uso unakonda, mikono inakonda, na tumbo linaendelea peke yake kama vile si lake. Ngozi ikakaza ikang'aa, kitovu kikatokeza nje, na akawa anatembea amejishikilia kwa mikono miwili.

Hospitalini tukaambiwa ni kichocho cha tumbo, cha miaka mingi. Daktari kijana alituchorea nyuma ya karatasi ya vipimo. Konokono wa majini anatoa vijidudu, vijidudu vinapenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, vinakua kuwa minyoo inayoishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, na mayai yake yanasombwa na damu mpaka kwenye ini yanakwama. Ini linaota makovu. Damu inakosa njia, mgandamizo unapanda, na maji yanajichuja kutoka kwenye mishipa na kujaa tumboni. Dawa inaua minyoo, alisema, lakini makovu haifuti. Kwa hiyo walikuwa wanamtoboa kwa sindano na mrija, maji yanashuka kwenye ndoo, lita baada ya lita, ya rangi ya chai ya mkandaa hafifu. Wiki kadhaa baadaye yanarudi.

Siku ya tatu akaja Baba Mkubwa. Alikaa pembeni ya kitanda, akalitazama lile tumbo kwa muda, akasema, "Mdogo wangu, maji hayaingii tumboni mwa mtu bure. Uliahidi nini kule ziwani ukasahau?"

Baba akamjibu, "Kaka, nimeahidi watu wengi hela ya mafuta. Ziwa sikuliahidi kitu."

Wodi nzima ilicheka, na Baba Mkubwa pia alicheka. Lakini swali lilipandwa. Usiku ule Mama alianza kuhesabu kwa vidole: jirani fulani walikosana, ng'ombe wa mahari ambaye hakufikishwa, nadhiri ya mwaka wa njaa ambayo hata hakumbuki kama iliwekwa au ilizungumzwa tu. Na mimi, nikiwa kwenye benchi la nje, nilimsikia Baba mwenyewe gizani akisema, si kwa mtu yeyote, "Hivi nilikosa nini?"

Kwenye simu nilikuwa na Rigveda. Katika kitabu cha saba kuna tenzi nne mfululizo, ya 86 hadi ya 89, ambazo mapokeo yanampa mtunzi aitwaye Vasishtha, na zote anaelekea kwa Varuna. Ninaomba mpenzi wa fasihi yeyote azisome hata kama hataki kusikia habari za miungu. Mtunzi na Varuna walikuwa marafiki. Anakumbuka siku waliyopanda chombo pamoja wakatoka katikati ya bahari, wakabembea juu ya mawimbi. Sasa urafiki umekatika, na hajui kwa nini. Amewauliza wenye hekima, na wote wamempa jibu lilelile: Varuna amekukasirikia. Kosa lenyewe hawamwambii. Anaanza kutafuta. Labda ni pombe, labda hasira, labda kamari, labda kutofikiri tu. Labda ni makosa ya baba zake. Na kuna mahali, ambapo mimi nilisimama nikarudia mara tatu, anakiri kwamba hata usingizi haumkingi mtu na uovu, yaani pengine alikosa akiwa amelala.

Sijui orodha nyingine ya kale iliyo ya haki kiasi hicho kwa mtu anayeteseka. Inamruhusu asijue.

Utenzi wa 89 ni mfupi, beti tano tu. Mtunzi anaomba asiingie bado katika nyumba ya udongo, maana yake kaburi. Anasema anatembea akiyumba kama mfuko wa ngozi uliojazwa upepo, na kwamba kiu imemshika huku amesimama katikati ya maji. Wasomaji wengi, wa zamani na wa sasa, wameona hapo mgonjwa mwenye tumbo lililojaa maji. Mimi sikuhitaji maelezo. Baba alikuwa anapimiwa maji ya kunywa kwa kikombe cha plastiki, chumvi amekatazwa, midomo imekauka, na ndoo iko chini ya kitanda chake.

Wahindi wa Veda waliujua ugonjwa huo na waliujua mwenyewe. Ulikuwa ugonjwa wa Varuna. Anayemvunjia neno, anamfunga kwa maji kutoka ndani.

"Unasoma nini hapo siku zote?" Baba aliniuliza.

"Hadithi za Wahindi wa kale, Baba. Kuna mfalme aliumwa tumbo kama lako."

"Akapona?"

"Ngoja nikusimulie."

Hadithi yenyewe imo katika Aitareya Brahmana, kitabu cha saba, maandiko ya makuhani yaliyokuja baada ya Rigveda. Mfalme Harishchandra alikuwa na wake mia moja na hakuwa na mtoto wa kiume hata mmoja. Mwenye hekima Narada akamshauri: nenda kwa Mfalme Varuna, mwambie akupe mwana, na wewe utamtolea mwana huyohuyo kuwa sadaka. Mfalme akaenda, akaahidi. Mtoto akazaliwa, akaitwa Rohita.

Varuna akaja. Mtoto ndiye huyu, nitolee. Mfalme akasema, mnyama wa sadaka hafai mpaka apite siku kumi. Varuna akasema sawa. Siku kumi zikapita, akarudi. Mfalme akasema, hafai mpaka aote meno. Sawa. Meno yakaota, Varuna akarudi. Mfalme akasema, hafai mpaka meno yang'oke. Sawa. Yakang'oka, akarudi. Mfalme akasema, mpaka yaote mengine. Sawa. Yakaota. Mfalme akasema, mtoto wa ukoo wa vita hafai mpaka aweze kubeba silaha. Sawa.

Baba alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Akasema, "Huyo mungu mnasema mkali? Mimi mdai wa namna hiyo sijawahi kumpata. Wa kwangu meno ya maziwa tu hawangoji."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwalimu mstaafu, akasema si ukali wala upole, Varuna alikuwa anampa kamba ndefu ili ajifunge vizuri. Wakabishana mpaka muuguzi akaja kuzima taa.

Kesho yake niliendelea. Rohita akakua, akapewa silaha. Mfalme akaishiwa visingizio, akamwambia mwanawe ukweli: aliyenipa wewe anakudai. Rohita akasema hapana, akachukua upinde wake, akaingia porini. Hapo ndipo Varuna alipomkamata mfalme, na tumbo lake likavimba.

Rohita alisikia habari za baba yake huko porini. Kila mwaka alianza safari ya kurudi, na kila mwaka Indra alimtokea njiani kwa sura ya kuhani akamwambia asirudi, atembee, maana bahati ya mtu aliyekaa hukaa na ya anayetembea hutembea naye. Miaka ikaenda hivyo. Wengi nchini India wananukuu maneno ya Indra kama wito wa bidii, na yamo hata kwenye mabango. Mimi kila nikiyakuta namfikiria yule mzee mwenye tumbo anayesubiri nyumbani, na kijana anayeambiwa maneno mazuri ili asimfikie.

Mwaka wa sita Rohita alimkuta kuhani maskini, Ajigarta, ana njaa na wana watatu. Majina yao, nawaomba radhi, yote matatu maana yake ni mkia wa mbwa: Shunahpuccha, Shunahshepa na Shunolangula. Rohita akasema, nipe mmoja anikomboe, nitakupa ng'ombe mia moja. Baba akamkumbatia mkubwa, huyu hapana. Mama akamkumbatia mdogo, huyu hapana. Wakapatana juu ya yule wa kati.

Baba akafumbua macho. Yeye ni wa kati. Baba Mkubwa yuko juu yake, na chini yake kulikuwa na marehemu shangazi ambaye bibi alimpenda kupita kiasi, hilo familia nzima inalijua. "Yule wa kati," akasema. "Hata huko India." Akanyamaza. Halafu, "Endelea."

Varuna akakubali kubadilishiwa, na ikaamuliwa kijana auawe katika sherehe ya kumtawaza mfalme. Makuhani wakubwa wamekusanyika, na msimamizi wao ni Vasishtha, jina lilelile la mtunzi wa tenzi za kitabu cha saba. Lakini hakuna aliyekuwa tayari kumfunga mtoto kwenye mti wa sadaka. Ajigarta akasema, nipeni ng'ombe mia nyingine, nitamfunga mimi. Wakampa. Hakuna aliyekuwa tayari kumchinja. Akasema, mia nyingine. Wakampa, akaja ananoa kisu.

Sijui kama kuna mahali pengine katika fasihi ya kale ambapo umaskini umeandikwa bila huruma namna hii. Abrahamu anapandisha mlimani kwa sababu ameagizwa na Mungu. Ajigarta anapandisha bei.

Kijana akaona wanataka kumuua kama vile si mtu, akaamua kuwaendea miungu. Alianza na Prajapati, naye akamwelekeza kwa Agni, Agni akamwelekeza kwa Savitar, Savitar akasema umefungwa kwa ajili ya Varuna, nenda kwake. Akamsifu Varuna kwa beti 31. Varuna naye akamrudisha kwa Agni! Hapa mwalimu mstaafu alicheka mpaka akakohoa, akasema hiyo ofisi anaijua, alifuatilia mafao yake humo. Kijana akaendelea, mlango hadi mlango, mpaka akafika kwa Ushas, mungu wa kike wa alfajiri. Na alipokuwa akimsifu Ushas, kila ubeti kamba zililegea, na kila ubeti tumbo la mfalme lilipungua. Ubeti wa mwisho kamba zikaanguka chini na mfalme akawa mzima.

Kimya kidogo. Kisha Baba akauliza swali ambalo katika vitabu vyote nilivyosoma juu ya hadithi hii sijaona likiulizwa kwa ufupi hivyo.

"Kwa hiyo huyo Varuna hakulipwa?"

"Hakulipwa, Baba."

"Na tumbo likapungua."

"Likapungua."

"Mwambie kaka yangu," akasema, akageukia ukutani.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Hadithi inaanza kama hadithi ya deni, na kila mmoja ndani yake anajua kuhesabu: siku kumi, meno, ng'ombe mia mara tatu. Deni lina kiasi, lina tarehe, lina dhamana. Halafu kamba zinafunguka bila tone la damu, na mhasibu hatajwi tena. Makuhani walioitunza walijua walichotunza, kwa sababu waliagiza isimuliwe katika kutawazwa kwa mfalme, msimulizi ameketi juu ya kiti cha dhahabu. Mfalme mpya, akiwa bado na maji ya kupakwa kichwani, anasikia habari za mfalme aliyedaiwa na hakulipa.

Karne zilizofuata hazikuvumilia. Katika Purana, Harishchandra huyuhuyu wa visingizio amegeuzwa kuwa mfalme wa ukweli, mtu aliyepoteza ufalme, mke na mwana ili neno lake lisianguke. Huyo ndiye anayejulikana leo. Gandhi amesimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi mchezo wa jukwaani wa Harishchandra ulivyomkaa moyoni alipokuwa mtoto, na filamu ndefu ya kwanza ya India, ya Dadasaheb Phalke mwaka 1913, ni Raja Harishchandra. Ni hadithi nzuri, inaliza watu. Lakini mimi namtaka yule wa kwanza, anayesema mpaka meno yaote. Huyo ni mzazi.

Varuna naye alishushwa. Tayari ndani ya Rigveda kuna utenzi ambamo yeye na Indra wanajibizana nani mkuu, na historia ilimpa Indra. Katika Mahabharata, Varuna anatajwa kama mwenye ghala: Agni anamwomba upinde Gandiva ili apewe Arjuna, naye anautoa. Katika Ramayana, Rama analala ufukweni siku tatu akiomba bahari impishe apite kwenda Lanka, kimya, mpaka anapovuta upinde kwa hasira ndipo mwenye bahari anapotoka akitetemeka. Valmiki anamwita Sagara, yaani bahari yenyewe, ila wasimulizi wengi wa baadaye wanamchukulia kuwa ni Varuna. Yaani yule aliyewatetemesha watu sasa anatetemeshwa. Hapo ndipo anapopata makara wake na kuitwa mungu wa maji, na kamba inabaki mkononi kama sare ya askari aliyestaafu.

Wanaoishi na maji hawakumdharau, hata hivyo. Wavuvi Wakoli wa Mumbai, ikifika mwezi mpevu wa Shravan, mnamo Agosti, wanapeleka nazi baharini, wanamwomba Varuna atulie kabla hawajarudisha vyombo majini baada ya masika yao. Jeshi la wanamaji la India limechukua kaulimbiu yake kutoka kwenye sala ya kumwomba Varuna awe mwema. Na Wahindu wa Sindh, ambao wengi walilazimika kuiacha nchi yao baada ya mgawanyiko wa 1947, walibeba kwenda nao Jhulelal, mzee wa ndevu nyeupe aketiye juu ya ua la yungiyungi au samaki wa mto Indus, ambaye wao humwona kuwa ni Varuna aliyeshuka duniani. Huko Uderolal, ndani ya Pakistan, kuna ziara ambapo Wahindu na Waislamu wanaingia lango moja. Wengine wanamwita Jhulelal, wengine wanamhusisha na Nabii Khidhri. Wasomaji wangu wa pwani mnamjua Khidhri, yule anayehusishwa na maji ya uzima. Huyu Varuna wa mwisho hana kitanzi mkononi. Wasindhi walimwendea mtoni wakiwa na shida, na katika masimulizi yao hakuna mahali alipowadai.

Baba alirudi nyumbani. Alitolewa maji mara nne zaidi, akaishi miezi kumi na minne. Mtumbwi aliuuza, mafuta ya watu akayalipa, yote, nilikuwepo. Jioni alikaa chini ya mwembe akiangalia taa za karabai zikitoka moja moja, akizitambua kwa majina ya wenyewe. Baba Mkubwa alikuja karibu kila siku na hakuuliza tena habari za ahadi. Walizungumza bei ya dagaa.

Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho, tulisalimiana, akaniuliza habari za watoto, kisha akasema, "Yule wa kati aliishia wapi?"

Nikamwambia. Baada ya kamba kuanguka, kijana alikwenda akakaa mapajani mwa kuhani Vishvamitra. Ajigarta akamdai: nirudishie mwanangu. Kijana akamwambia, umeonekana na kisu mkononi, umechagua ng'ombe mia tatu badala yangu. Ajigarta akasema anajuta, na ng'ombe atawarudisha. Kijana akakataa. Aliyefanya hivyo mara moja atarudia. Vishvamitra akamfanya mwanawe wa kwanza, juu ya wana wake 101, akampa jina jipya, Devarata, aliyetolewa na miungu. Wana hamsini wakubwa walikataa kuwa chini yake, wakalaaniwa.

"Akawa nani sasa? Kuhani?"

"Mtunzi, Baba. Katika kitabu cha kwanza kuna tenzi saba zenye jina lake, za 24 mpaka 30. Kuna moja anamsifu Varuna."

"Baada ya yote yale?"

"Ndiyo. Anasema Varuna anazijua njia za ndege wanaoruka angani, na za vyombo vilivyoko majini."

Baba aliangalia ziwani. Taa zilikuwa zimeshafika mbali.

"Za mitumbwi ya dagaa pia?"

"Haijasema, Baba."